Sugu

Daktari Mwachiro aliisoma karatasi mara mbili,
ya tatu akaisoma kimya, midomo ikicheza,
akavua miwani kama mtu avuaye viatu penye matanga.
"Ni sugu," akasema. "Haisikii dawa."

Nikatazama kidole gumba changu.
Nacho kina sugu,
niliyopewa na mkasi, miaka kumi na tisa
ya kukata vitambaa vya watu pale Kibokoni.
Neno ni hilo hilo.
Ya kidoleni nikiichoma sindano haisemi kitu.
Hii nyingine haijawahi kunyamaza.

Si kwamba sikumeza.
Vidonge vitano kwa siku, nikavifungamanisha na adhana:
alfajiri kimoja, adhuhuri kimoja,
alasiri natema uzi kwanza ndipo nimeze,
magharibi, isha.
Miezi mitatu.
Mungu, naamini, alinisikia kila mara.
Malengelenge ndiyo yaliyoziba masikio.
Yalipasuka, yakakauka, yakaanza upya palepale
kama mpangaji aliyefungiwa mlango
akaingilia dirishani na godoro lake.

Nagib wa duka la dawa
huifunga marhamu kwa gazeti, kisha gazeti jingine,
kana kwamba hata tyubu ina haya.

"Bi Mwanaisha, mbona wakaa upande?"
"Mgongo," nawajibu wateja.
Maskini mgongo wangu! Nimeusingizia mengi,
siku ukienda kunishtaki kwa kadhi
sitapata wa kunitetea.

Nyumbani yupo Mbwarali.
Mwaka wa kwanza tuliulizana nani alimletea nani.
Si kwa maneno. Kwa sufuria,
kwa mlango, kwa chai iliyowekwa mezani bila sukari.
Jibu halikupatikana, tulichoka kabla yake.
Siku hizi, jioni, hasemi kitu,
hutia maji ya uvuguvugu kwenye kopo la buluu
akaliweka nje ya choo,
maana ajua bila maji hayo mkojo ni moto,
na kwamba nitauma ukingo wa kanga nikijimiminia
hadi nimalize.
Mapenzi yetu ndiyo hayo. Kopo.
Zamani ningecheka.

Usiku kuna uzi hupita nyongani
ukashuka pajani hadi kisiginoni,
na mtu nisiyemwona huuvuta, huulegeza, huuvuta.
Februari, umeme ukikatika na feni ikisimama,
nalala sakafuni, miguu mbalimbali,
nahesabu mapigo ya jenereta ya jirani.
Kuna usiku nimelia. Kuna usiku nimetukana
kwa matusi ambayo marehemu mama hakujua kama nayajua.

Daktari ametaja dawa nyingine, ya mrija,
ya kulazwa, ambayo huenda ikazidhuru figo.
Bei akaitaja kwa sauti ndogo.
Nimemwambia nitafikiri.
Bado nafikiri.

Nimejishonea chupi za pamba
pana kama mifuko ya unga, lastiki legelege.
Nimemwita Katana, seremala wa Bondeni,
akaipandisha meza ya cherehani hadi kitovuni,
sasa nashona nimesimama.
Mtaa mzima wadhani ni mtindo mpya.
Fundi wa ng'ambo ya njia ameshainyanyua yake
na analalamika magoti.

Jana Tima, mwanagenzi wangu,
akaniuliza, "Fundi, huchoki kusimama?"
Nilikuwa na pindo la bibi harusi mkononi, mita sita,
na mgongo wangu ulikuwa tayari mdomoni.
Nikaumeza.
"Nachoka," nikamwambia. "Lakini kukaa kunaniuma."
Hakuuliza wapi.
Aliushika upande wa pili wa kitambaa
akausogeza taratibu,
kwa mwendo wa sindano.